Ganzi na Kilio: Kwa Nini Msiba wa Umma Humliza Mmoja na Kumwacha Mwingine Mkavu wa Macho

Dada na mdogo wake wameketi sebuleni wakitazama taarifa ya habari ya usiku. Ndege ya abiria imeanguka, hakuna aliyenusurika, na kamera inapita polepole juu ya mabaki mpaka inatua kwenye kiatu kimoja cha mtoto kilichobaki kizima. Dada anaweka kiganja mdomoni, machozi yanamshuka. Mdogo wake anaitazama habari hiyo hadi mwisho, anauliza ndege iliruka saa ngapi na ilikuwa na watu wangapi, kisha anainuka kwenda kupiga pasi shati la kesho.

"Mdogo wangu, wewe una moyo wa namna gani?"

"Kwani dada, unamjua hata mmoja wao?"

Hakuna anayemjibu mwenzake. Dada analala akiamini kwamba moyo wa mdogo wake umeota sugu, naye mdogo wake analala akishuku kwamba machozi ya dada yana chembe ya maigizo. Ugomvi wa aina hii huzuka kila msiba mkubwa unapotangazwa, na pande zote mbili hukosea mahali pamoja, kwa kuyafanya machozi kuwa mizani ya kupimia utu. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa upande wa dada. Kilichonitoa huko ni kugundua kwamba kilio kina vyanzo vingi, ukavu wa macho una vyanzo vingi zaidi, na mara nyingine vyote viwili humkuta mtu mmoja ndani ya saa moja.

Ushahidi wa jambo hili la mwisho una umri wa zaidi ya miaka 60. Rais John F. Kennedy wa Marekani alipouawa kwa risasi mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, watafiti wa kituo cha taifa cha utafiti wa maoni kilichokuwa katika Chuo Kikuu cha Chicago hawakungoja matanga yaishe. Ndani ya siku chache walikuwa wamekwisha kuwahoji watu wazima zaidi ya 1,000 nchi nzima, na hawakuwauliza tu walifikiri nini, bali pia miili yao ilifanya nini: je, walipata usingizi, walikuwa na hamu ya kula, walivuta sigara kupita kawaida yao? Asilimia 53 walisema walilia. Maana yake ni kwamba karibu nusu hawakulia, katika nchi ambayo televisheni zake zilisimamisha vipindi vya kawaida kwa siku kadhaa kwa ajili ya msiba huohuo. Lakini jibu lililonifanya nisimame ni jingine. Asilimia 57 walisema walipigwa na bumbuwazi na kuhisi ganzi. Ukijumlisha 53 na 57 unapata 110, kwa hiyo haikosi angalau watu 10 katika kila 100 walijibu ndiyo kwa maswali yote mawili. Watu hao walilia na walikufa ganzi, na sioni kama wangejua wajipange katika kundi lipi iwapo tungewaambia wachague.

Neno lenyewe linaweza kutusaidia. Ganzi, kabla ya kuwa neno la moyo, ni neno la mwili. Mguu uliokaliwa kwa muda mrefu hufa ganzi: ukiukanyagia unauhisi kama wa mtu mwingine, na damu inaporudi huanza mchomo kama wa sindano nyingi ndogo, mchomo ambao kwa kweli ni habari njema. Ipo pia ganzi ya sindano, ile anayochomwa mtu kabla ya kung'olewa jino, ambayo haitokani na kukandamizwa bali na njia ya maumivu kuzibwa ili kazi iweze kufanyika. Kisha upo mguu ambao haukuguswa kabisa. Huo hauna ganzi, ila tu hauna cha kuhisi. Tunapomwona mtu mkavu wa macho mbele ya msiba, kwa kumtazama usoni hatuwezi kujua ni upi kati ya miguu hii mitatu ulio mbele yetu, na bado tunamhukumu kana kwamba jibu liko wazi.

Tuanze na yule ambaye hakuguswa, kwa sababu ndiye wa kawaida kuliko wote na ndiye tunayemwonea zaidi. Duniani hufa watu wengi mno kila siku kiasi kwamba hakuna binadamu anayeweza kumwombolezea kila mmoja, hivyo kila mtu ana uzio wake, na wengi hatukuujenga wenyewe. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichunguza namna magazeti ya nchi yao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro, wakaeleza kwamba tukio hupata nafasi zaidi likiwa karibu na msomaji kiutamaduni, likihusu mataifa makubwa au watu mashuhuri, na likiweza kusimuliwa kupitia mtu mmoja. Miongo minne baadaye Thomas Eisensee na David Strömberg walichambua majanga ya asili yapatayo 5,000 yaliyotokea kati ya mwaka 1968 na 2002. Waligundua kwamba janga lililoangukia wakati wa Michezo ya Olimpiki lilikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kutangazwa na televisheni za Marekani, na kwa sababu hiyo likawa na nafasi ndogo zaidi ya kupata msaada wa serikali ya nchi hiyo, hata pale ukubwa wake ulipolingana na wa majanga mengine. Kwa hiyo kabla hujamuuliza mtu kwa nini hakuhuzunika, inafaa uulize ni mhariri gani aliyeamua wiki hiyo kwamba mbio za mita 100 zitangulie mafuriko.

Anayelia, kwa upande wake, mara nyingi hamlilii mtu asiyemjua kama inavyodhaniwa. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl walieleza jambo ambalo redio na televisheni zilikuwa zimeanza kulizalisha kwa wingi, yaani urafiki wa upande mmoja: mtazamaji anamzoea mtu wa kwenye kioo, anaijua sauti yake, vicheko vyake na ndoa yake iliyovunjika, ilhali mwenyewe hajui kama mtazamaji huyo yupo duniani. Urafiki huo ni wa upande mmoja, ila mazoea yake ni ya kweli, na yanapokatika huacha pengo la kweli. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, alipofariki katika ajali ya gari mjini Paris tarehe 31 Agosti 1997, maua yalirundikwa mbele ya kasri la Kensington kama zulia, na mazishi yake yalitazamwa na watu wapatao milioni 32 nchini mwake. Wengi wa waliolia hawakuwahi kumwona kwa macho yao, lakini walikuwa wamemfuatilia tangu harusi yake ya mwaka 1981, miaka 16, muda ambao ni mrefu kuliko walioishi na baadhi ya majirani zao.

Kuna pia machozi yanayopita njia ya msiba wa wengine ili kufika kwenye msiba wa mtu mwenyewe. Aliyemzika mama yake miezi mitatu iliyopita na tangu siku hiyo hajapata nafasi ya kulia, kwa kuwa alikuwa na hesabu za mazishi, wageni wa kupokea na wadogo wa kuwatuliza, anaweza kuvunjika mbele ya jeneza la rais wa nchi ya mbali. Akiulizwa analia nini, atasema rais, na atakuwa hasemi uongo. Msiba wa umma ni mahali ambapo kulia kunaruhusiwa, na wapo wengi wanaotembea na kilio kisichopata pa kulilia.

Maelezo ambayo mimi nayapa uzito zaidi, hata hivyo, ni ya mwanasaikolojia Ronnie Janoff-Bulman. Aliandika mapema miaka ya 1990 kwamba wengi wetu tunaishi juu ya dhana tusizozitamka: kwamba dunia kwa jumla ni salama, kwamba mambo hayatokei ovyo, na kwamba mtu mwema hapatwi na mabaya bila sababu. Msiba wa ghafla unaozivunja dhana hizo humtikisa mtu kwa kina kisichotokana na idadi ya waliokufa. Anayelia baada ya ndege kuanguka huenda analilia pia uhakika aliokuwa nao jana kwamba kupanda ndege ni jambo la kawaida. Nadharia hii inaeleza jambo ambalo hutatanisha wengi: kwa nini mtu aliyepitia vita, njaa au vifo vya utotoni mara nyingine hupokea habari nzito kwa kutikisa kichwa tu. Si lazima awe ameacha kujali. Huenda dhana zile hakuwahi kuwa nazo, au zilivunjika zamani, na kilichokwisha kuvunjika hakitoi tena mlio uleule.

Hapo tunafika kwenye ganzi hasa, na kwanza ile inayoletwa na wingi. Katika karne ya 19 mtaalamu wa fiziolojia wa Ujerumani, Ernst Weber, alionyesha kwamba hisi za binadamu hazipimi ongezeko lenyewe bali zinalilinganisha na kilichokuwapo. Mshumaa mmoja ukiwashwa katika chumba chenye giza hubadilisha kila kitu, lakini ukiwashwa katika ukumbi wenye taa mia hakuna atakayegeuka. Mwanasaikolojia Paul Slovic wa Marekani na wenzake waliuliza kama uhai nao tunaupima kwa macho hayohayo, na majibu waliyopata hayapendezi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997 waliwauliza watu wapime thamani ya mradi wa maji ambao ungeokoa maisha ya watu 4,500 katika kambi ya wakimbizi. Walioambiwa kwamba kambi hiyo ina watu 11,000 waliuona mradi kuwa wa maana zaidi kuliko walioambiwa kwamba kambi ina watu 250,000. Waliookolewa ni 4,500 walewale, na kilichoongezeka ni taa za ukumbini.

Jaribio jingine, la mwaka 2007, Slovic alilifanya pamoja na Deborah Small na George Loewenstein. Washiriki walikuwa wamelipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakapewa nafasi ya kuchangia. Waliosomewa habari za msichana mmoja wa Mali mwenye umri wa miaka 7 walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosomewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa dola 1.14. Ungetarajia kwamba aliyepewa vyote viwili, msichana pamoja na takwimu, angetoa zaidi ya wote, kwa kuwa anajua zaidi ya wote. Walitoa dola 1.43. Takwimu hazikuongeza chochote, tena zilimmeza msichana. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba huruma haisubiri mamilioni ndipo ipungue, kwani dalili za kufifia zinaweza kuonekana pale tu mtoto wa pili anapowekwa kando ya wa kwanza. Ndiyo maana mpiga picha aliyekielekezea kamera kile kiatu kimoja alijua anachofanya, na ndiyo maana dada alianza kulia hapo na si pale msomaji wa habari alipotaja idadi ya abiria.

Wahenga waliposema kifo cha wengi ni harusi, naamini walikusudia kwamba msiba unaobebwa na watu wengi hupungua uzito kwa kila mbebaji. Methali hiyo husomeka pia kwa namna isiyofariji: wafu wakizidi, kila mmoja wao hupoteza sehemu ya kilio alichostahili.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kusema kwamba ubongo haujui hesabu. Lakini mwaka 2011 Daryl Cameron na Keith Payne waliuliza swali lililowakwepa wengine: je, huruma hushindwa kukua kwa sababu haiwezi, au kwa sababu mwenyewe anaizuia? Walipowaambia washiriki kwamba wangetakiwa kuchanga fedha, waliosoma habari za watoto 8 waliripoti huruma ndogo kuliko waliosoma habari za mtoto mmoja. Walipoondoa tazamio hilo la kuchanga, tofauti hiyo ilitoweka. Hali ya huruma kuporomoka ilijitokeza zaidi kwa watu wenye ustadi wa kutawala hisia zao. Kwa maneno mengine, mtu anaona mbali kwamba akiufungua mlango ataingiwa na gharama asiyoimudu, ya fedha au ya moyo, na anaufunga kabla hajajua kwamba ameshika kitasa. Hii ndiyo ganzi ya sindano, na inaleta wazo ambalo kwa mara ya kwanza kulisikia huonekana kama kichekesho: huenda baadhi ya wasiohisi kitu ni watu ambao wangehisi kupita kiasi.

Tafiti za ubongo zinakubaliana na wazo hilo, angalau kwa walioumizwa vibaya. Ruth Lanius na wenzake wamewachunguza watu wenye maradhi ya kiwewe, yaani athari zinazobaki akilini baada ya tukio la kutisha, kwa mashine za kupiga picha za ubongo huku wakikumbushwa yaliyowapata. Wengi wao mapigo ya moyo hupanda na sehemu za ubongo zinazohusika na hofu huwaka. Wachache, ambao kwa makadirio yao ni kama asilimia 30, hufanya kinyume: wanasema wanajiona wako mbali, kama wanaojitazama kutoka nje, na katika picha zao sehemu za mbele za ubongo, zile zinazodhibiti, ndizo zinazofanya kazi kupita kiasi na kuzituliza zile za hofu. Nje mtu ametulia tuli, na ndani breki zimekanyagwa hadi mwisho. Mwaka 2013 mwongozo wa uchunguzi wa maradhi ya akili unaotumika Marekani ulilitambua kundi hili kama tawi la maradhi hayo ya kiwewe.

Daktari wa akili Robert Jay Lifton alikuwa amelisikia jambo hilo kwa midomo ya wenyewe tangu mwaka 1962, alipowahoji manusura wa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Walimweleza kwamba waliona waziwazi yote yaliyowazunguka, walijua kwamba watu walikuwa wakifa, na ndani ya muda mfupi hawakuhisi kitu. Lifton hakuiita hali hiyo ukatili. Aliieleza kama kujifunga kwa nafsi mbele ya kitu ambacho isingeweza kukipokea na bado ikabaki na akili timamu. Wauguzi, waokoaji na waandishi wa habari za vita wanaijua kwa kipimo kidogo zaidi, na wengi wao watakwambia kwamba bila hiyo wasingeweza kufunga jeraha wala kuandika sentensi. Tatizo huja pale breki inapokataa kuachia hata baada ya zamu kwisha.

Watu wengi huamini kwamba tumekufa ganzi kwa kuona mno, kwamba wingi wa picha za maafa kwenye simu ndio umetuotesha sugu. Kuna ukweli katika hilo, lakini si wote, na matokeo ya utafiti mmoja yanaelekea upande mwingine kabisa. Baada ya milipuko ya mbio za marathoni za Boston tarehe 15 Aprili 2013, Alison Holman, Dana Rose Garfin na Roxane Cohen Silver waligundua kwamba watu waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa 6 au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata waliripoti dalili nyingi zaidi za msongo mkali kuliko hata watu waliokuwapo kwenye tukio. Watafiti haohao walionyesha baadaye kwamba waliokuwa wameguswa na misiba ya umma ya nyuma, likiwamo shambulio la Septemba 11 mwaka 2001, walielekea kuumizwa zaidi na ule wa Boston, wala si kuuzoea. Kwa watu hao sugu haikuota, bali kidonda kilikwanguliwa tena. Nadhani hali zote mbili zinawezekana, hata kwa mtu mmoja: anatazama mpaka anaungua, kisha anakufa ganzi kwa sababu ameungua, na jirani yake anayemwona akipitisha kidole juu ya picha za maiti bila kukunja uso anadhani hakuwahi kuumia.

Limebaki suala la wakati. Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942 moto uliteketeza ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston na kuua watu 492. Daktari wa akili Erich Lindemann aliwatibu manusura na ndugu wa waliokufa, na mwaka 1944 akachapisha uchunguzi wake wa wagonjwa 101 wenye majonzi, miongoni mwao wakiwamo watu wa moto ule. Mojawapo ya mambo aliyoyaandika ni kwamba mtu aliyefiwa akiwa na jukumu zito mbele yake, hasa la kuwatia wengine moyo, anaweza asionyeshe dalili yoyote au akaonyesha kidogo tu kwa wiki kadhaa au zaidi. Majonzi yake hayajafutwa, yako kwenye foleni. Kila aliyewahi kusimamia mazishi analijua hilo bila kusoma daktari yeyote: anayezunguka na daftari la michango, akihesabu viti na kuuliza gari limefika wapi, huonekana mkavu kuliko wote, na siku watu wote walipokwisha kurudi kwao ndipo anapokutwa ameketi peke yake na miwani ya marehemu mkononi.

Lakini si kila aliyekauka anangoja zamu yake ya kulia, na hapa ndipo imani moja maarufu inapohitaji kuguswa kwa uangalifu. Imekuwa desturi kumhimiza kila mtu "aitoe", aseme, alie, kana kwamba huzuni isiyotoka mdomoni itaozea tumboni. Siku ya mashambulio ya Septemba 11 na siku chache zilizofuata, Wamarekani zaidi ya 2,000 waliulizwa kwa njia ya mtandao kama wangependa kuandika wanavyojisikia. Mark Seery, Silver, Holman na wenzao waliwafuatilia kwa miaka 2. Waliochagua kutoandika chochote walikuwa na hali nzuri zaidi kiafya na kiakili kuliko walioandika, na miongoni mwa walioandika, waliojaza maneno mengi walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko walioandika machache. Utafiti huu hauthibitishi kwamba kusema kunadhuru, kwa kuwa inawezekana kabisa walioumia zaidi ndio waliokuwa na mengi ya kusema. Unachokanusha ni dai kwamba anayenyamaza lazima atapata madhara. Wapo wanaonyamaza kwa sababu wametosheka na ukimya, na kuwasukuma walie ni kuwapa kazi ambayo hawakuiomba.

Msukumo huo nao una historia. Mwanasosholojia wa Ufaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1912 kwamba maombolezo si hisia za mtu binafsi zinazomwagika zenyewe, bali ni wajibu ambao kundi humwekea. Watu hulia kwa kuwa wana huzuni, lakini pia kwa kuwa kundi linawataka walie, na kulia huko kwa pamoja ndiko kunakolifanya kundi lijihisi bado lipo. Ukikubali hata nusu ya hoja hiyo, utaelewa kwa nini mkavu wa macho huudhi sana wakati wa msiba wa umma. Hajamkosea marehemu, ambaye hamjui, bali anaonekana kama aliyekataa kujiandikisha katika orodha ya walio hai. Uingereza ya wiki ile ya msiba wa Diana, Septemba 1997, haikuwa na waombolezaji peke yao, kwani walikuwamo pia watu ambao hawakuguswa na ambao walijiona wapweke kwa kutoguswa, wakaogopa kulisema hilo kazini. Kwa upande wa pili, dada wa sebuleni hana sababu ya kuitwa mwigizaji kwa kuwa tu machozi yake yana sura ya kijamii, maana hata kicheko hutoka kwa urahisi zaidi tukiwa wengi, na hakuna anayekiita cha uongo kwa ajili hiyo.

Ipo ganzi inayohitaji daktari, na kuitambua hakutegemei msiba wa umma wenyewe. Mtu asiyehisi kitu mbele ya ajali ya mbali lakini anayecheka na wanawe jioni ileile hana tatizo. Mtu ambaye hahisi kitu mbele ya ajali, wala mbele ya wanawe, wala mbele ya wimbo alioupenda, na hali hiyo ikavuka mwezi, anaweza kuwa na sonona au maradhi ya kiwewe. Baadhi ya dawa za kutibu sonona nazo hufifisha hisia zote kwa pamoja, za huzuni na za furaha, na mtumiaji anayeona hivyo afanye vyema kumweleza aliyemwandikia badala ya kuziacha ghafla. Wako pia watu, wanaokadiriwa kuwa kama mmoja katika kila 10, ambao tangu zamani huona taabu kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe, hali inayoitwa aleksithimia. Mtu wa namna hiyo habari ya msiba ikimfika anaweza kuumwa kichwa siku nzima na asijue kwamba kile ndicho kilio chake.

Kuhusu nani hasa aliyejali, yako matukio ya Septemba 2015. Picha ya mtoto mdogo wa Kisyria, aliyekutwa amekufa maji kwenye ufuko wa Uturuki, ilienea dunia nzima ndani ya siku moja. Vita vya Syria vilikuwa vimeingia mwaka wa tano na waliokufa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, lakini ni mtoto huyo mmoja aliyewaliza watu. Slovic na wenzake waliomba takwimu za mfuko wa shirika la Msalaba Mwekundu la Sweden uliowasaidia wakimbizi wa Syria. Michango ya kila siku ilipanda ghafla mara nyingi zaidi ya kawaida yake, na baada ya wiki kama 6 ilikuwa imerudi karibu na pale ilipokuwa mwanzo. Hata hivyo, ndani ya wiki ile ya kwanza idadi ya watu waliojiandikisha kukatwa kiasi fulani kila mwezi ilikuwa imeongezeka takriban mara 10, na miezi kadhaa baadaye, wakati picha ile ilikuwa imekwisha kuondoka kwenye kurasa za mbele, wengi wao walikuwa bado wanakatwa. Ni wangapi kati yao waliolia siku ile, takwimu za shirika hazikuandika.